Jinsi ya Kupima Madhara ya Pigo katika Vyombo vya Faiba

Watu wa pwani hii ya kwetu, toka Moa na Kwale hata Pangani na Kipumbwi, wana ujuzi wa siku nyingi wa kukitazama chombo cha mbao na kusema kama ni kizima au kina ubovu. Fundi hukizunguka chombo kilichopandishwa ufukoni, hugonga mbao moja moja, huchoma kwa ncha ya kisu mahali anapopatilia shaka, na hutazama kama kalafati imelegea. Chombo kikipiga mwamba, ubao huvunjika au taruma hupasuka, na maji huingia. Nahodha huyaona maji, fundi huuona ufa, na kila mtu hujua kazi iliyo mbele yake.

Siku hizi mambo yameanza kubadilika. Pamoja na ngalawa, mashua na madau, zinaonekana boti za faiba, na katika miaka ya karibuni Serikali imewakopesha wavuvi boti za namna hiyo. Boti hizi zina sifa nyingi njema. Ni nyepesi, hazihitaji kalafati, wala wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao hawazili. Lakini zina tabia moja ambayo haifai kuisahau. Zaweza kupigwa pigo zito, na juu isionekane alama ila doa dogo kama la kidole gumba, ilhali ndani mna jeraha lenye upana wa sahani. Mwenye boti hupaka rangi juu ya doa lile, kisha huwatuma vijana wake baharini wakati wa kusi.

Makusudi ya makala haya ni kueleza kwa nini jambo hilo hutokea, na kwa njia gani jeraha la namna hiyo hupimwa, katika maabara kubwa za dunia na hata hapa kwetu kwa taa na chaki. Kitu kisichoonekana hakina budi kupimwa, na asiyekipima hubahatisha maisha ya watu.

KITU CHA TABAKA NI NINI

Tuanze na mfano tunaoujua sote, nyumba ya fito na udongo. Fito peke yake hazizuii upepo, na udongo peke yake hupasuka na kuanguka. Vikiungana huwa ukuta, kwa kuwa kila kimoja hutimiza upungufu wa mwenzake. Boti ya faiba imejengwa kwa akili hiyo hiyo. Nyuzi nyembamba sana za kioo, zilizofumwa kama kitambaa au kutandazwa ovyo kama pamba, huwekwa ndani ya kalibu na kulowanishwa kwa rezini, ambayo ni gundi ya majimaji. Juu yake huwekwa tabaka nyingine, na nyingine tena, mpaka upatikane unene unaotakiwa. Rezini ikiganda, tabaka zote huwa kitu kimoja. Nyuzi ndizo zinazobeba mzigo. Rezini huzishika mahali pake na kuupeleka mzigo toka uzi mmoja hata mwingine.

Plaiwudi ni ndugu wa faiba, maana nayo ni tabaka nyembamba za mti zilizogandishwa kwa gundi, kila moja ikikingama na mwenzake. Wazee wa Tanga wanakikumbuka kiwanda cha Sikh Saw Mills cha hapa mjini, kilichotengeneza plaiwudi kwa magogo ya misitu ya Usambara Mashariki. Hata katani, ambayo Dk. Richard Hindorf aliileta katika nchi hii mwaka 1893, imejaribiwa na wataalamu wa nchi nyingi kuwa nyuzi za kutia katika rezini badala ya kioo. Na ndege kubwa ya Boeing 787 ambayo shirika letu la Air Tanzania lilipokea mwezi wa Julai 2018 ina mwili na mabawa ya nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa tabaka. Karibu nusu ya uzito wa ndege za namna ile ni vitu vya jinsi hii. Kwa hiyo habari tunayoieleza hapa yamhusu mvuvi wa Kigombe na rubani vile vile.

Sasa yafaa tushike jambo moja, maana ndilo mzizi wa mengine yote. Nguvu ya vitu hivi imo ndani ya nyuzi, na udhaifu wake uko kati ya tabaka na tabaka. Hapo katikati hapana uzi wo wote unaopita kwenda juu wala chini. Pameshikwa na gundi tu.

PIGO HUFANYA NINI NDANI

Sufuria ya alumini ikianguka sakafuni hubaki na mbonyeo, na mbonyeo ule husema kweli. Pigo likiwa dogo huwa mdogo, likiwa kubwa huwa mkubwa. Faiba haisemi kweli namna hiyo. Hiyo huinama kama upinde, kisha hurudi ilivyokuwa, na uso wake huonekana laini kama kwamba hapana lililotukia.

Ili kufahamu yaliyopita ndani wakati wa kuinama kule, mwanafunzi na achukue daftari lake, alishike ncha mbili, alikunje kidogo, kisha atazame ukingo wake. Ataona karatasi zimeteleza, moja ikipita nyingine. Tabaka za faiba nazo hutaka kuteleza hivyo hivyo, na gundi huzizuia. Pigo likizidi uwezo wa gundi, nyufa ndogo ndogo huanza katika rezini. Ufa mmoja ukifika mpakani, pale tabaka mbili zinapokutana, hauwezi kukata nyuzi zilizo mbele yake. Basi hugeuka na kukimbia kando, na tabaka mbili zile hubanduka.

Wataalamu waliokata na kuzitazama mbao za namna hii wameona ya kuwa kila mbanduko huwa na umbo kama la ganda la karanga, umerefuka kufuata nyuzi za tabaka iliyo chini yake. Tena wameona ya kuwa mibanduko ya chini ni mipana kuliko ya juu. Yote pamoja ina umbo la kawa tunalofunikia chakula: ncha iko juu mahali palipopigwa, na upana uko chini, upande wa pili. Mwishowe, pigo likiwa kubwa zaidi, nyuzi za upande ule wa pili, ambazo ndizo zilizovutwa kuliko zote, hukatika. Kwa hiyo boti iliyopigwa na mwamba kwa nje yafaa itazamwe kwanza kwa ndani.

Mtu aweza kuuliza, kuna ubaya gani tabaka zikibanduka maadamu nyuzi bado ni nzima? Hesabu ndogo itajibu. Ukinzani wa ubao dhidi ya kupindwa hufuata unene wake uliozidishwa mara tatu kwa nafsi yake. Ubao ukigawanyika kuwa tabaka mbili zilizo sawa, kila moja ina nusu ya unene, basi ukinzani wake ni nusu mara nusu mara nusu, yaani sehemu moja katika 8. Mbili pamoja hufanya sehemu moja katika 4. Ukigawanyika kuwa nne, ukinzani wote uliobaki ni sehemu moja katika 16. Hapana uzi uliokatika, wala uzito haukupungua, lakini ubao uliokuwa mgumu sasa ni mlegevu kama daftari.

KUPIMA PIGO LENYEWE

Kipimo cha kwanza ni cha pigo. Wanafunzi wa fizikia wanajua ya kuwa nishati ya kitu kinachoanguka ni uzito wake kwa kilo, mara 9.8, mara kimo kwa mita. Jibu huitwa jouli. Tuchukue nazi yenye makumbi yake, uzito kilo moja na nusu, iliyoanguka toka mnazi wa mita 20 juu ya boti iliyofudikizwa chini yake. Hesabu ni 1.5 mara 9.8 mara 20, nayo ni jouli 294. Tuchukue tena nanga ya kilo 15 iliyomponyoka baharia toka kimo cha mita moja ikaangukia sakafu ya boti. Hiyo ni jouli 147. Nazi, ambayo hakuna aliyeiogopa, imepiga mara mbili ya nanga.

Kitu kiendacho kwa mwendo nacho kina nishati yake: nusu ya uzito, mara mwendo, mara mwendo tena. Boti ya kilo 800 pamoja na watu wake, iendayo mita 2 kwa sekunde, ikipiga matumbawe ina jouli 1,600. Ikienda mita 4 kwa sekunde haiwi na 3,200, bali 6,400. Mwendo ukiwa mara mbili, pigo ni mara nne. Kwa sababu hiyo nahodha mwenye busara hupunguza mwendo mapema akikaribia miamba wakati wa maji kupwa.

Lakini jouli peke yake hazitoshi kueleza habari yote. Pigo la ncha kali huumiza mahali padogo, na la kitu butu hutawanyika. Faiba iliyo wazi katikati ya mataruma mawili huinama na kumeza sehemu ya nishati, ilhali ile iliyokaa juu ya taruma haina nafasi ya kuinama, basi hulipokea pigo lote papo hapo. Kwa ajili hiyo wataalamu waliona lazima wawe na jaribio la namna moja, ili mtu wa nchi moja aweze kulinganisha hesabu zake na za mwenzake wa nchi nyingine.

Katika jaribio linalotumika sana duniani, kibao cha milimita 100 kwa 150 hushikwa juu ya chuma chenye tundu la milimita 75 kwa 125. Juu yake huangushwa chuma chenye kichwa cha mviringo, upana wake milimita 16. Kwa kila milimita moja ya unene wa kibao hutolewa jouli 6.7. Kibao cha milimita 4 basi hupigwa kwa jouli 26.8. Kama kinachoangushwa kina uzito wa kilo 5.5, kimo chake hupatikana kwa kugawanya 26.8 kwa 5.5 mara 9.8, nacho ni karibu nusu mita. Mashine ina mkono wa kukidaka chuma kikisharuka, kisije kikapiga mara ya pili na kuharibu hesabu.

KUPIMA JERAHA

Baada ya kulijua pigo, twende kwenye jeraha. Hapa pana vipimo vya nje na vya ndani.

Kipimo cha nje ni kina cha mbonyeo, na hupimwa kwa chombo chenye sindano kionyeshacho sehemu za milimita. Mbonyeo hupimwa upesi baada ya pigo, maana siku zikipita rezini hujinyosha polepole na mbonyeo hupungua. Jeraha la ndani halijinyoshi. Mafundi wa ndege hujihadhari sana na mapigo yaachayo mbonyeo wa robo mpaka nusu milimita tu, ambao jicho haliuoni ila kwa shida. Mapigo ya namna hiyo yana jina lake na kanuni zake, na ndege huundwa kwa nguvu ya kutosha kuyavumilia hata yasipogunduliwa.

Kwa ndani ziko njia tatu ambazo yafaa kuzijua. Njia ya kwanza ni ya sauti. Muuza vyungu hugonga chungu kwa kidole ili asikie kama kina ufa, na njia hii ni ile ile. Fundi hugonga faiba kwa sarafu nzito au nyundo ndogo, hatua kwa hatua. Mahali pazima hulia kwa sauti kali na safi. Mahali palipobanduka hulia kwa sauti nzito, iliyozibika. Kila sauti inapogeuka huweka alama ya chaki, na mwisho alama zikiunganishwa hutoa ramani ya jeraha. Njia hii ni rahisi, lakini ina mipaka. Mbanduko ulio mbali chini katika faiba nene hausikiki vema, na taruma lililo nyuma hubadili sauti hata kama hapana ubovu. Dawa yake ni kugonga mahali pale pale katika ubavu wa pili wa boti na kulinganisha, kwa kuwa kulia na kushoto zimejengwa sawa.

Njia ya pili ni ya mwanga. Faiba ya nyuzi za kioo isiyopakwa rangi nzito hupitisha mwanga kidogo. Usiku, mtu mmoja aweke tochi kali upande mmoja na mwenzake atazame upande wa pili. Mahali tabaka zilipobanduka mna utando wa hewa unaotawanya mwanga, basi huonekana doa lenye rangi tofauti na jirani zake. Mchana, bila tochi, doa hilo huonekana jeupe. Likionekana, hufunikwa kwa karatasi ya kupitisha mwanga na kuchorwa ukingo wake, kisha karatasi hulazwa juu ya karatasi ya miraba na miraba kuhesabiwa. Kwa njia hiyo mwanafunzi hupata eneo la jeraha kwa sentimita za mraba. Njia hii haifai kwa nyuzi za kaboni, maana hizo ni nyeusi na hazipitishi mwanga wo wote.

Njia ya tatu ni ya mawimbi ya sauti ya juu mno, ambayo sikio la mtu haliyasikii. Ni ndugu wa yale yanayotumiwa hospitali kumtazama mtoto tumboni. Kichwa cha mashine huwekwa juu ya faiba, na katikati hupakwa maji au mafuta mazito ili hewa isiyazuie mawimbi. Mawimbi hushuka, na yakikuta upande wa pili hurudi kama mwangwi. Katika nyuzi za kaboni zilizogandishwa huenda karibu mita 3,000 kwa sekunde, yaani milimita 3 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kibao cha milimita 8 kilicho kizima, safari ya kwenda na kurudi ni milimita 16, basi mwangwi huja baada ya sehemu 5.3 za milioni ya sekunde. Lakini kama mwangwi umewahi, ukaja baada ya sehemu 2 tu, safari yote ilikuwa milimita 6. Twajua basi ya kuwa milimita 3 toka juu pana mbanduko ulioyarudisha mawimbi. Mashine ikipitishwa kila mahali hutoa picha ya upana wa jeraha na kina chake. Upungufu wake ni huu, kwamba mbanduko wa juu huificha mibanduko iliyo chini yake kama mwavuli unavyoficha jua. Ikiwezekana, kitu hupimwa kwa pande zote mbili.

NGUVU ILIYOBAKI

Vipimo hivyo vyote vinatuambia ukubwa wa jeraha. Mwenye chombo huuliza neno jingine: je, kitastahimili? Ili kulijibu, wataalamu huchukua vibao viwili vya namna moja, kimoja kizima na kimoja kilichopigwa, wakavisimamisha kwa ukingo na kuvikandamiza kwa mashine mpaka vivunjike. Nguvu ya kilichopigwa hugawanywa kwa nguvu ya kizima. Huchaguliwa kukandamiza, wala si kuvuta, kwa kuwa tabaka zilizobanduka huvutwa pamoja bila taabu, lakini zikibanwa kila moja hujipinda upande wake. Imeonekana ya kuwa ubao wa nyuzi za kaboni wenye alama isiyoonekana ila kwa shida waweza kupoteza hata nusu ya nguvu yake ya kukandamizwa. Tena chini ya boti hubanwa na kuachiwa kila wimbi linapopita, mara maelfu kwa siku, na kwa kubanwa huko mbanduko mdogo waweza kukua, huku maji ya chumvi yakiingia katika nyufa na kufuata nyuzi.

JAMBO LILILOTUKIA MAREKANI

Upo mfano mmoja wa kuhuzunisha ambao dunia nzima iliusikia. Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia kiliruka kikiwa na watu 7. Sekunde 82 baadaye kipande cha povu gumu kilibanduka toka kwenye tangi la mafuta kikapiga ukingo wa bawa la kushoto, ambao ulifanywa kwa tabaka za kaboni. Kipande kile kilikuwa na uzito wa karibu robo tatu ya kilo tu, nacho ni povu. Wengi hawakuamini ya kuwa chaweza kudhuru. Lakini mwendo wake, ukilinganishwa na wa bawa, ulikuwa karibu mita 240 kwa sekunde, na mwanafunzi akikokotoa atapata zaidi ya jouli 21,000, yaani kama nazi yetu ile mara 70.

Wahandisi kadhaa waliomba bawa lile lipigwe picha lingali angani. Picha hazikupigwa. Tarehe 1 Februari chombo kilipokuwa kikirudi duniani, hewa ya moto iliingia bawani, kikavunjika, na wote 7 wakafa. Julai ya mwaka ule ule wachunguzi walirusha povu la namna ile kwa bunduki kubwa juu ya ukingo wa bawa huko San Antonio, Texas, nalo likatoboa tundu la karibu sentimita 40. Jaribio hilo lilimaliza ubishi, lakini lilifanywa baada ya msiba.

JARIBIO LA KUFANYWA SHULENI

Mambo haya hayahitaji mashine za thamani ili yajaribiwe. Kikundi cha sayansi chaweza kutumia plaiwudi ya milimita 4, iliyokatwa vibao vya sentimita 10 kwa 15, bomba la plastiki la mita 2, na chuma cha kilo moja chenye kichwa cha mviringo. Kibao hufungwa kwa jiliwa au vibanio juu ya fremu yenye uwazi katikati. Chuma hufungwa uzi, ili kikisharuka kidakwe kisipige tena, na wote hukaa mbali na kuvaa miwani ya kukinga macho.

Chuma na kiangushwe toka mita 0.25, 0.5, 1.0 na 1.5, vibao vitatu kwa kila kimo. Nishati zitakuwa jouli 2.45, 4.9, 9.8 na 14.7, kwa kweli zitapungua kidogo kwa sababu chuma husugua bomba. Kila kibao hupimwa mbonyeo, hugongwa kwa sarafu, kisha hukatwa kwa msumeno katikati ya alama na kupakwa wino kwenye mkato, ili nyufa zionekane na urefu wake upimwe kwa rula.

Kisha na ichorwe grafu, jouli chini na urefu wa nyufa kando. Wanafunzi wasishangae mstari usipoanza kwenye sifuri. Kila kitu cha tabaka kina kiwango cha pigo ambacho chini yake ndani hapana jeraha, na juu yake jeraha hukua upesi. Kulitafuta pigo hilo la mpakani ndiyo faida kubwa ya jaribio lenyewe. Wenye bidii waweza kuviweka vibao vingine vilivyopigwa na visivyopigwa juu ya magogo mawili na kuning'iniza mizigo katikati mpaka vivunjike. Kama kizima kimevunjika kwa kilo 20 na kilichopigwa kwa kilo 13, nguvu iliyobaki ni asilimia 65.

KWA WAZAZI WENYE BOTI

Wazazi wetu wengi hawana mashine, lakini wana macho, masikio na mikono. Boti ikipigwa, yafaa ifanyiwe haya kabla ya kurudi majini. Kwanza, itazamwe upande wa ndani mahali palipokabili pigo, na mbao za sakafu ziondolewe zikizuia. Pili, igongwe na kuchorwa kwa chaki, ikilinganishwa na ubavu wa pili. Tatu, imulikwe kwa tochi usiku. Nne, tarehe, mahali na ukubwa wa jeraha viandikwe katika daftari, ili baada ya mwezi ipimwe tena na kujua kama limekua. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kupima huku kwafaa hata katika matengenezo. Fundi mwema husaga faiba mbovu mpaka afike penye uzima, kisha hulaza ukingo wake mteremko mrefu, mara nyingi kiasi cha mara 12 ya unene, ili tabaka mpya zishikane vema na za zamani. Asiyejua mwisho wa jeraha ama huacha ubovu ndani na kuufunika, ama hukata faiba nzima bure na kumtia mwenzake gharama. Rangi peke yake si matengenezo. Hiyo hulificha jeraha kwa macho ya fundi atakayekuja baadaye.

Wazee walisema vyaelea vimeundwa, nao walikuwa na haki, maana walizijua mbao na tabia zake zote. Kizazi chetu kimepewa vitu vipya vya kuundia, na hatuna budi kuzijua tabia zake kama wao walivyojua za kwao. Fundi wa mbao aliuona ufa kwa jicho akauziba mapema. Fundi wa faiba atauona kwa chaki, tochi na hesabu, na akiuona kabla ya safari vijana watarudi dikoni na samaki wao.